Jina la Mahali Kwenye Intaneti: Nani Hulitunza, na Kwa Nini Mengine Hufa

Barua inayokwenda kwa mkaazi wa Mutomo huandikwa nambari ya sanduku la posta, kisha 90201, kisha Mutomo. Karani wa posta aliye Mombasa au Kisumu hahitaji kumjua mwenye barua, wala si lazima awe amewahi kufika Mutomo. Inamtosha kuona anwani. Barua itapita mikono kadhaa na kila mkono utajua hatua moja tu inayofuata, hadi ifike.

Siku hizi shughuli nyingi za wakaazi hupitia anwani ya aina nyingine, yaani jina la tovuti. Matangazo ya kazi, zabuni, fomu za basari, leseni za biashara na taarifa za mikutano ya bajeti huwekwa mahali penye jina kama kitui.go.ke au makueni.go.ke. Mkaazi asiyejua kulisoma jina hilo anaweza kutuma nambari ya kitambulisho, na hata pesa, kwa mtu asiyemfahamu. Nayo ofisi, shule au kikundi kisichojua kulitunza jina lake kinaweza kuamka siku moja na kukuta limepotea.

Somo hili linaeleza jinsi majina hayo yanavyofanya kazi na nani huyasimamia nchini Kenya. Linaeleza pia yaliyoyapata majina ya miji na vijiji katika nchi nyingine, ambako mpango mzuri ulififia kwa sababu ambazo mkaazi wa Mutomo atazielewa upesi.

Jina husomwa kutoka kulia

Anwani ya barua huanza na kidogo na kumalizia na kikubwa: sanduku, mji, nchi. Jina la tovuti pia limepangwa hivyo. Sehemu ya mwisho, upande wa kulia, ndiyo kubwa zaidi. Kadiri mtu anavyosogea kushoto ndivyo anavyoingia ndani.

Katika kitui.go.ke, herufi "ke" zinasimamia Kenya. Herufi "go" zinaonyesha kwamba mwenye jina ni taasisi ya serikali. Neno "kitui" linataja serikali ipi. Simu au kompyuta inapotafuta tovuti hiyo, huuliza maswali kwa mpangilio huo. Kwanza huuliza mashina makuu ya intaneti, "Ni nani anayetunza majina ya ke?" Ikishajibiwa huuliza orodha ya Kenya kuhusu "go.ke", kisha huuliza ilipo "kitui". Kila mtunzaji hujibu swali lake tu na kumwelekeza muulizaji kwa mwingine, kama makarani wa posta. Barua pepe zenye jina hilo hufuata njia ile ile.

Hapa ndipo kinga ya kwanza ya mkaazi ilipo. Mwenye jina hutambulika kwa sehemu za kulia, wala si za kushoto. Mfano ni jina lililoandikwa hivi: kitui.go.ke.jinalingine.com. Macho hukimbilia "kitui.go.ke" kwa kuwa ndilo lililotangulia. Lakini mwisho wake ni "jinalingine.com", na mwenye jinalingine.com anaweza kuandika lolote kushoto kwake bila kuomba ruhusa ya mtu. Tovuti hiyo haihusiani na kaunti. Kwa upande mwingine, accounts.ecitizen.go.ke ni jina refu lakini ni la serikali, kwa kuwa linaishia kwa go.ke.

Palipo na alama ya mkwaju, yaani "/", jina limekwisha. Yanayofuata baada ya mkwaju ni kurasa za ndani ya tovuti. Kwa hiyo mkaazi atafute mkwaju wa kwanza baada ya jina, arudi kushoto hatua moja, kisha asome sehemu za mwisho.

Jina la Kenya lilivyoanza

Kenya ilipewa herufi za "ke" mnamo Aprili 1993. Wakati huo hapakuwa na ofisi ya kuzisimamia. Kazi hiyo ilishikwa na watu wawili: Dkt. Shem Ochuodho, aliyekuwa msimamizi wa hapa nchini, na Randy Bush, mtaalamu wa Marekani aliyeshughulikia upande wa kiufundi. Intaneti ilikuwa changa na mpangilio wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida katika nchi nyingi.

Majina yalipoongezeka, ilionekana wazi kwamba jambo la taifa zima lisingeweza kuendelea kuwa mikononi mwa watu binafsi, hata wawe na nia njema kiasi gani. Mnamo Desemba 2002 usimamizi wa "ke" ulihamishiwa KENIC, shirika lisilo la faida linaloleta pamoja serikali, sekta binafsi na watumiaji. KENIC hutunza orodha kuu, na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ndiyo mdhibiti wa sekta hiyo. Kampuni zilizoidhinishwa, zinazoitwa wasajili, ndizo huwauzia wananchi majina na kupokea malipo ya kila mwaka.

Kenya ilichagua kugawa majina kwa kazi ya mwenye jina, si kwa mahali anapoishi. Kampuni hupata co.ke, mashirika yasiyo ya faida or.ke, vyuo ac.ke, na shule za msingi na sekondari sc.ke. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilicho Kwa Vonza katika Kaunti ya Kitui, hutumia seku.ac.ke. Jina la go.ke haliuzwi kwa kila mtu. Ni la taasisi za serikali pekee. Tangu 2017 mtu anaweza pia kusajili jina moja kwa moja chini ya "ke" bila neno la katikati.

Mahali paliingia kwenye majina baadaye, kwa njia ya ugatuzi. Baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013, kaunti 47 zilianza kazi, na majina kama kitui.go.ke na makueni.go.ke yakawa milango ya serikali hizo. Halmashauri 175 za miji, manispaa na kaunti za zamani zilivunjwa. Majina ya halmashauri hizo pia yalipoteza mwenyewe. Halmashauri ya Jiji la Nairobi, kwa mfano, ilitumia nairobicity.go.ke; serikali ya kaunti iliyoirithi hutumia nairobi.go.ke.

Marekani walivyoipa kila mji jina

Mnamo Juni 1993, miezi miwili tu baada ya Kenya kupewa "ke", wataalamu wawili wa Marekani, Ann Cooper na Jon Postel, walitoa mwongozo wa kugawa majina yanayoishia kwa "us", herufi za nchi yao. Mpango wao ulifuata ramani. Nchi iligawanywa kwa majimbo, na majimbo kwa miji na kaunti. Mji wa Minneapolis katika jimbo la Minnesota ulitumia ci.minneapolis.mn.us, ambapo "ci" ni alama ya serikali ya mji na "mn" ni alama ya jimbo. Kaunti ya Hennepin, iliyo eneo hilo hilo, ilitumia co.hennepin.mn.us. Shule zilitengewa alama yao, na maktaba pia.

Mpango huo ulikuwa na uzuri wake. Majina mawili hayakuweza kugongana, kwa kuwa miji miwili yenye jina moja ilitofautishwa na jimbo. Mtu aliyesoma jina alijua papo hapo mwenye jina yuko wapi. Aidha, kazi iligawanywa: ofisi kuu haikuhitaji kumjua kila mwombaji wa kila kijiji. Ilimkabidhi mtu au kampuni ya eneo husika orodha ya mji mmoja, naye akawaandikia majirani zake majina. Wengi walifanya kazi hiyo kwa kujitolea na bila kutoza chochote. Orodha kuu yenyewe ilitunzwa na Postel na wenzake katika taasisi moja ya Chuo Kikuu cha Southern California.

Sababu tatu za kufifia

Leo majina hayo ni machache kuliko ilivyotarajiwa. Minneapolis ilihamia minneapolismn.gov. Hennepin ilihamia hennepin.us. Baadhi ya shule na ofisi bado hutumia majina ya zamani, lakini miji mingi imeyaacha. Sababu kubwa ni tatu.

Ya kwanza ni urefu. Jina lenye nukta tatu au nne ni gumu kulitaja redioni, kuliandika kwenye bango au kumsomea mtu kwa simu. Wakati huo majina mafupi ya "com" na "org" yalipatikana kwa urahisi, na ofisi nyingi za miji zikayakimbilia. Mwaka 2002 milango ya "us" yenyewe ilifunguliwa, na watu wakaweza kusajili jina fupi chini yake bila kutaja mji wala jimbo. Mwaka 2003 miji na kaunti ziliruhusiwa kutumia "gov", ambayo hapo awali ilihifadhiwa hasa kwa serikali kuu. Jina fupi na lenye hadhi likipatikana, refu huachwa.

Ya pili ni kumtegemea mtu mmoja. Mtu aliyejitolea mwaka 1994 kutunza orodha ya mji wake alifanya hivyo kwa kompyuta yake na kwa wakati wake. Baadaye alihama au alibadili kazi, au kampuni yake ilifungwa. Wengine walifariki. Postel mwenyewe alifariki Oktoba 1998. Kampuni ya NeuStar ilipopewa kandarasi ya kusimamia "us" mwishoni mwa 2001, ilibidi wasimamizi wa miji watafutwe mmoja mmoja, na wengine hawakupatikana. Mji ambao msimamizi wake ametoweka hauna wa kumwomba jina jipya wala wa kurekebisha la zamani. Orodha ipo lakini mlinzi hayupo.

Ya tatu ni kwamba ramani hubadilika. Japani ni mfano mzuri. Huko pia kulikuwa na majina yaliyofuata miji na mikoa. Kati ya 1999 na 2010 serikali iliunganisha miji na vijiji vingi, hivi kwamba serikali za mitaa zilizokuwa zaidi ya 3,200 zikabaki chini ya 1,800. Kila mji uliomezwa na mwingine uliacha nyuma jina la tovuti lenye mahali pasipokuwapo tena kiserikali. Mwaka 2012 Japani ilisimamisha usajili mpya wa majina ya mtindo huo na kuanzisha mengine yanayotaja mkoa tu. Serikali za mitaa zilikuwa zimepata alama yao, lg.jp, tangu 2002.

Kanada ilipita njia hiyo hiyo. Hadi mwaka 2000, shirika la mji mmoja lilipewa jina lenye mji na mkoa, na orodha ilitunzwa na watu wa kujitolea walioongozwa na John Demco wa Chuo Kikuu cha British Columbia. Shirika la CIRA liliposhika usimamizi Desemba 2000, majina mafupi ya "ca" yakafunguliwa kwa wote waliostahili. Mnamo Oktoba 2010 usajili mpya wa majina ya mtindo wa zamani ulikomeshwa.

Kama Mutomo ingepewa jina mwaka 1993

Inafaa kujiuliza ingekuwaje kama Kenya ingefuata mtindo wa Marekani. Mwaka 1993 Mutomo ilikuwa tarafa ndani ya Wilaya ya Kitui, katika Mkoa wa Mashariki. Jina la shule au kikundi cha hapa lingetaja mahali hapo hatua kwa hatua, kitu kama mutomo.kitui.mashariki.ke.

Baadaye Mutomo ikawa wilaya. Kisha ikaja Katiba ya 2010, mikoa ikaondoka katika muundo wa serikali, na leo Mutomo ni kaunti ndogo ya utawala, huku kukiwa na wadi ya Mutomo katika eneo bunge la Kitui Kusini. Mahali ni pale pale, na bonde, mawe na barabara ya kwenda Ikutha havikusogea. Lakini jina lile lingekuwa limepitwa na wakati, likitaja mkoa ambao mwanafunzi wa leo huusoma katika historia tu. Kila barua yenye nembo, kila bango na kila anwani ya barua pepe ingehitaji kubadilishwa.

Hii haimaanishi kwamba mahali pasitajwe kwenye intaneti. Inamaanisha kwamba jina linapaswa kushikiliwa na ofisi itakayodumu. Mwenye kitui.go.ke anaweza kuongeza neno lolote kushoto kwake, kwa mfano jina la wadi au la idara, bila kusajili upya wala kulipia jina jingine. Ramani ya ndani ikibadilika, neno la kushoto hubadilishwa na la zamani huelekezwa kwa jipya. Mtunzaji ni yule yule na mkaazi hapotei njia.

Vikundi, shule na jina lao

Hatari iliyowapata wasimamizi wa Marekani iko pia katika kikundi cha wakulima wa ndengu, chama cha wafuga nyuki au shule ya sekondari. Mara nyingi kijana mmoja mwenye ujuzi huombwa "atufungulie tovuti". Hulisajili jina kwa barua pepe yake, hulipa kwa simu yake na kuhifadhi nywila kichwani. Miaka miwili baadaye amepata kazi Nairobi na amebadilisha nambari. Ilani ya malipo ya mwaka inaenda kwenye barua pepe asiyoifungua. Jina linakwisha muda.

Chini ya co.ke, "ke" yenyewe au "com", jina lililoachwa huweza kuchukuliwa na mtu mwingine. Atakayelichukua hupata pia jina ambalo watu wamekwisha kuliamini. Akiweka fomu ya "usajili wa wanachama" pale, wengi watajaza bila shaka yoyote, na barua pepe zinazotumwa kwa anwani za zamani zitamfikia yeye. Ndiyo maana mradi wa umma haufai kutangazwa kwa jina la kununuliwa dukani ikiwa unaweza kuwekwa chini ya go.ke. Jina la go.ke, hata likilegezwa, halichukuliwi na mpita njia.

Wakaazi wa Mutomo wanalijua tayari suluhisho, kwa kuwa hulitumia kwenye pesa. Akaunti ya chama haifunguliwi kwa jina la mweka hazina. Huwa kwa jina la chama, na watia saini ni watatu. Jina la tovuti litunzwe hivyo hivyo:

1. Mwenye jina aandikwe kuwa kikundi au shule, si mtu binafsi.
2. Barua pepe ya usajili iwe ya ofisi, na wafunguzi wawe zaidi ya mmoja.
3. Tarehe ya malipo iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano, na malipo yawe sehemu ya bajeti ya mwaka.
4. Nywila ihifadhiwe pamoja na hati za kikundi na ibadilishwe viongozi wanapobadilika.
5. Msajili awe aliyeidhinishwa na KENIC, na risiti iwekwe.

Mkaazi afanye nini anapopokea kiungo

Kiungo kikija kwa ujumbe wa simu au kupitia kundi la WhatsApp, kikiahidi kazi, basari au mbegu za ruzuku, mkaazi asikifungue kwa haraka. Asome jina kutoka kulia. Kama kinasema ni cha serikali lakini hakiishii kwa go.ke kabla ya mkwaju wa kwanza, akishuku. Aandike jina la kaunti mwenyewe kwenye simu badala ya kubonyeza, au aulize katika ofisi ya wadi au kwa chifu kabla ya kujaza chochote. Kuandikwa kwa nembo ya kaunti kwenye ukurasa si ushahidi. Nembo hunakiliwa kwa dakika moja. Ulaghai wa mitandaoni unaweza kuripotiwa kwa KE-CIRT, kituo cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na pia katika kituo cha polisi.

Maswali ya kujipima

Maswali haya yanaweza kujadiliwa nyumbani, darasani au katika mkutano wa kikundi.

1. Kati ya mutomo.kitui.go.ke na kitui.go.ke.mutomo.com, ni lipi linaloweza kuundwa na kaunti pekee? Kwa nini?
2. Nani hutunza orodha kuu ya "ke", na tangu lini?
3. Taja sababu mbili zilizofanya majina ya miji ya Marekani yaachwe.
4. Kikundi chako kina jina la tovuti? Ikiwa kinalo, limesajiliwa kwa jina la nani, na litalipiwa tena lini?

Swali la nne ndilo lenye uzito kuliko yote. Kikundi kisichoweza kulijibu katika mkutano ujao kimteue katibu alitafutie jibu kabla tarehe ya malipo haijapita.